Masomo ya bure, bando la kulipia: uchambuzi wa kisa cha klabu ya programu katika shule ya msingi

Kisa hiki kinahusu shule moja ya msingi ya serikali, Tanzania Bara. Jina la shule, mkoa na wahusika vimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili shule isitambulike. Kimeandikwa kwa ajili ya walimu walezi wa klabu, wazazi na vijana wanaojitolea kufundisha watoto kuandika programu kwa kutumia masomo ya bure yaliyomo mtandaoni.

## Mazingira

Shule ilipokea kompyuta mpakato 10 zilizokwisha kutumika. Mbili hazikuwaka kabisa. Kati ya 8 zilizobaki, 6 zilikuwa na Windows 10 na RAM ya GB 4, na 2 zilikuwa na Windows 7 na RAM ya GB 2. Betri za kompyuta 6 zilikuwa zimekufa, kwa hiyo umeme ukikatika nazo zinazima papo hapo. Chumba kilikuwa na soketi mbili za ukutani na ekstensheni.

Shule haikuwa na intaneti. Klabu ilitegemea hotspoti ya simu ya mwalimu mlezi, yaani mwalimu wa TEHAMA, na bando la GB 5 kwa wiki lililonunuliwa kwa michango ya wazazi. Alisaidiwa na kijana mmoja wa kujitolea aliyemaliza chuo. Wanafunzi walikuwa 32 wa darasa la V na la VI, na kipindi kilikuwa kila Jumamosi, saa 3 hadi saa 5 asubuhi. Masomo yote shuleni hufundishwa kwa Kiswahili. Kiingereza ni somo mojawapo tu. Jambo hili halikupewa uzito mwanzoni.

## Muhula wa kwanza

Walezi walichagua Code.org, tovuti ya kujifunzia kuandika programu, na kwa yale waliyoyajua siku hiyo uamuzi ulikuwa na mantiki. Ni bure, hakuna cha kusakinisha, mtoto anaongozwa hatua kwa hatua, na mwalimu anaona maendeleo ya kila mmoja kwenye ukurasa wake. Walianza na zoezi la mzingile (maze) lenye mafumbo 20, ambalo watoto wengi duniani huanzia hapo, kisha wakaendelea na kozi ndefu zaidi.

Siku ya kwanza kompyuta tatu zilikataa kufungua tovuti yoyote, zikidai kwamba muunganisho si salama. Walezi walidhani ni virusi na wakapoteza nusu ya kipindi wakizisafisha. Tatizo lilikuwa tarehe. Betri ndogo ya ubao mama, ile ya duara inayoitwa CR2032, ilikuwa imekwisha, kwa hiyo kila kompyuta ikichomolewa kwenye umeme ilirudi kwenye tarehe ya miaka mingi nyuma. Kivinjari hulinganisha tarehe ya kompyuta na muda wa cheti cha usalama cha tovuti. Tarehe ikiwa nyuma ya siku cheti kilipotolewa, ukurasa haufunguki. Kompyuta za msaada zina ugonjwa huu mara nyingi kiasi kwamba inafaa kutazama saa pembeni mwa skrini kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Ukirekebisha tarehe kwa mkono kipindi kinaendelea. Betri mpya ndiyo dawa ya kudumu.

Kisha bando. Liliisha ndani ya dakika 40 hivi, wiki tatu mfululizo, na wazazi walianza kuuliza. Mafumbo yenyewe hayali data nyingi. Walaji wawili walikuwa video fupi za maelezo, ambazo kila kompyuta ilizicheza peke yake, na Windows 10, ambayo ikipata mtandao baada ya kukaa wiki nzima bila mtandao huanza kupakua masasisho kimyakimya. Sasisho moja linaweza kufika mamia ya megabaiti. Zidisha kwa kompyuta 6 zinazopakua kwa wakati mmoja, na GB 5 zinaeleweka zilikokwenda.

Dakika 40 za mtandao, watoto 4 kwa kila kompyuta: kila mtoto alipata kama dakika 10 za kushika mausi kwa wiki. Hiyo ni hesabu ya karatasi tu. Kiuhalisia, katika makundi mengi mausi ilikuwa na mwenyewe, kwa kawaida mvulana aliyewahi kutumia kompyuta kwao, na wengine walikuwa watazamaji.

Jambo jingine lilikuja kugundulika mwishoni. Kwenye ukurasa wa mwalimu, fumbo lililotatuliwa huonyeshwa kwa duara la kijani. Lakini kuna kijani mbili: kilichokolea maana yake mtoto ametatua kwa idadi iliyotarajiwa ya bloku (vipande vya amri vinavyoburutwa na kuunganishwa), na hafifu maana yake amefika mwisho ila kwa bloku nyingi kuliko zilizohitajika. Mtoto aliyepanga bloku ya "nenda mbele" mara tano badala ya kuiweka moja ndani ya bloku ya marudio anapata kijani hafifu na anaruhusiwa kuendelea. Walezi waliona kijani, wakafurahi. Hawakutofautisha.

Mwishoni mwa muhula, watoto 27 kati ya 32 walikuwa wamemaliza mafumbo yote 20.

## Jaribio la skrini tupu

Wiki ya mwisho walezi walifungua Scratch, zana ya bure ya kutengeneza michezo na hadithi kwa bloku, kwenye kivinjari, wakawapa watoto jukwaa lisilo na kitu isipokuwa paka, na kazi moja: mfanye paka atembee hadi ukingoni, ageuke, arudi, na kila akigusa ukingo aseme jina lako. Watoto 5 waliweza. Wengi walikaa wakisubiri maelekezo yatokee juu ya skrini.

Mwalimu mlezi aliandika katika daftari la klabu kwamba "watoto hawajaelewa Kiingereza". Kijana wa kujitolea alisema zana ni mbovu. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli, na jaribio lenyewe lilikuwa na kasoro: Scratch ilikuwa mpya kwa watoto, bloku zake zina mpangilio tofauti, na mtu akibadilishiwa jiko lazima atafute chumvi kwanza. Jaribio la haki lingekuwa kumpa mtoto kipande cha programu kilichochapishwa, chenye bloku anazozijua, na kumuuliza kitafanya nini.

Hata hivyo, kasoro hiyo haielezi pengo lote. Fumbo la kuongozwa humpa mtoto bloku chache zilizochaguliwa, mara nyingine nne tu, na kumwambia lengo. Anaweza kufika kwa kubahatisha: jaribu, bofya, futa, jaribu tena. Maamuzi magumu ya kuandika programu, yaani nianze na nini, nani afanye nini, nitajuaje imekamilika, yamekwisha kufanywa na aliyetunga fumbo.

## Maamuzi ya muhula wa pili na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kabisa kutegemea mtandao wakati wa kipindi. Scratch ina programu ya kusakinisha ambayo hufanya kazi bila intaneti, pamoja na maktaba yake ya wahusika, mandhari na sauti. Haihitaji akaunti. Kijana wa kujitolea aliipakua mara moja tu mahali penye mtandao wa ofisi, akaibeba kwenye flashi, akaiweka kwenye kompyuta 6. Yasiyofanya kazi bila mtandao ni machache: kusoma maandishi kwa sauti, kutafsiri, na mafunzo ya video. Hakuna aliyeyakumbuka.

Kompyuta mbili za Windows 7 zilileta mjadala. Scratch 3, toleo lililotoka mwaka 2019, haiungwi mkono humo. Toleo la zamani la 1.4 lingekwenda vizuri hata kwenye RAM ya GB 2, na kijana alilipendelea. Lilikataliwa kwa sababu ya mafaili: toleo jipya hufungua kazi za toleo la zamani, lakini la zamani haliwezi kufungua faili la .sb3, aina ya faili ambamo Scratch 3 huhifadhi kazi. Mtoto anayehama kompyuta wiki ijayo angeikuta kazi yake haifunguki. Badala yake waliondoa Windows 7, wakaweka mfumo endeshi mwepesi wa Linux pamoja na TurboWarp, programu iliyojengwa juu ya Scratch ambayo husoma na kuandika .sb3. Kuwaka ilichukua muda mrefu kuliko zile nyingine, lakini baada ya hapo zilitumika sawa na nyingine.

Wa pili ulikuwa lugha. Scratch inayo Kiswahili. Unabadilisha kwenye alama ya dunia au kwenye menyu ya mipangilio, kutegemea toleo. Baadhi ya wazazi walihofu kwamba mtoto atashindwa baadaye kwenye Kiingereza. Hofu hiyo ina jibu la kiufundi. Ndani ya faili, kila bloku huhifadhiwa kwa jina la ndani lisilobadilika. Maneno yanayoonekana ni vazi la juu tu. Kazi iliyotengenezwa kwa Kiswahili ukiifungua kwa Kiingereza bloku zote zinageuka zenyewe. Kinachobaki kama kilivyo ni majina aliyoyaandika mtoto: vigeu (nafasi za kutunzia thamani kama alama), wahusika, ujumbe. Klabu iliitumia hali hiyo kama zoezi: dakika 5 za mwisho wa kipindi, geuza lugha, soma programu yako kwa Kiingereza, geuza tena.

Wa tatu ulikuwa ratiba. Watoto 32 waligawanywa nusu kwa nusu. Kumi na sita waliingia kwenye kompyuta, wawili kwa kila moja, kwa dakika 50. Kumi na sita walibaki nje kwenye kivuli wakifanya mazoezi yasiyohitaji kompyuta, kisha wakabadilishana. Kwenye kompyuta mmoja ni dereva, anashika mausi na kibodi. Mwenzake ni utingo, anasema kifanyike nini na haruhusiwi kugusa. Kila dakika 10 filimbi, wanabadilishana. Ikipigwa filimbi hiyohiyo, kila jozi inahifadhi kazi kabla ya kubadilishana, kwa hiyo umeme ukikatika hasara haizidi dakika 10. Muda wa mausi kwa mtoto ukatoka 10 hadi karibu 25.

Mazoezi ya nje yalitoka kwenye CS Unplugged, mkusanyiko wa bure ulioanzia Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand. Mawili yalitosha kwa muhula mzima kwa kuyarudia na kuyaongezea ugumu: kadi zenye nukta 1, 2, 4, 8 na 16 za kuhesabu kwa mfumo wa tarakimu mbili tu, 0 na 1 (binary), na mtandao wa kupanga uliochorwa kwa chaki, ambamo watoto sita wenye namba hutembea, wanakutana wawili wawili, mdogo anakwenda kushoto, mkubwa kulia, na wanatokea upande wa pili wakiwa wamepangika. Ukichorwa vibaya hata mstari mmoja tu, namba zinatoka ovyo, na watoto wenyewe ndio wanaotafuta mstari wenye kosa.

Wa nne, na mzito kuliko yote, ulikuwa namna ya kufundisha. Walifuata mpangilio wa PRIMM uliobuniwa na Sue Sentance na wenzake: mtoto anatabiri programu itafanya nini, anaiendesha, anaichunguza, anaibadilisha, kisha ndipo anatengeneza yake. Hakuna aliyeanza na skrini tupu, na hakuna aliyebaki kwenye fumbo la mtu mwingine.

## Mfano mmoja: mchezo wa kudaka maembe

Jozi zilipewa faili lenye embe linaloanguka na kikapu kinachosogezwa kwa mishale ya kibodi. Programu ya embe ilichapishwa pia kwenye karatasi. Ndani ya marudio yasiyo na kikomo: punguza y (nafasi ya juu na chini) kwa 5, kama embe linagusa kikapu, ongeza alama 1 na urudi juu, kama y ni ndogo kuliko -170, rudi juu mahali pa kubahatisha kati ya x (nafasi ya kushoto na kulia) -220 na 220.

Kabla ya kuwasha kompyuta, kila jozi iliandika utabiri. Kisha wakaendesha. Kisha maswali ya uchunguzi, na hapa ndipo somo lilipokuwa.

*Ukiitoa bloku ya sharti (ile ya "kama") nje ya marudio, nini kitatokea?* Embe linapita ndani ya kikapu na alama haziongezeki, kwa sababu sharti linaangaliwa mara moja tu mwanzoni. Hili ndilo kosa lililojirudia kuliko yote katika kazi za watoto muhula mzima.

*Ukiondoa amri ya kurudi juu baada ya kupata alama?* Embe moja linaleta alama kumi na zaidi. Scratch huzungusha marudio kama mara 30 kwa sekunde, na kila mzunguko embe likiwa bado linagusa kikapu, alama inaongezeka. Watoto waliita "alama za wizi", na jina likabaki.

*Ukibadilisha -170 iwe -200?* Kwa embe dogo, linaganda chini na halirudi tena. Jukwaa la Scratch linaishia y -180, na Scratch hairuhusu mhusika atoke nje kabisa; humzuia ili sehemu yake kidogo ibaki ikionekana. Kitovu cha embe dogo hakifiki -200 kamwe, kwa hiyo sharti halitimii. Mtoto mmoja alilitatua kwa kulikuza embe, bila kujua kwa nini imefanya kazi, na maelezo yake yalichukua kipindi chote cha wiki iliyofuata. Kilikuwa kipindi kizuri.

Namba hasi zilisumbua darasa la V. Kadi na maelezo ya ubaoni hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni kuchora mhimili wa x na y uwanjani kwa chaki, hatua moja ikiwa 20, na mtoto kuitwa "nenda x 60, y -40".

## Mafaili, flashi na akaunti

Wiki ya nne kazi za jozi tano "zilipotea". Mwanafunzi mmoja alikuwa amekuja na flashi ya nyumbani yenye kile kirusi kinachoficha mafolda halisi na kuweka njia za mkato badala yake. Kazi zilikuwa bado zimo. Baada ya kusafisha kwa programu ya kuua virusi, mafaili yalionekana tena kwa kuandika `attrib -h -s -r /s /d` kwenye dirisha la amri likiwa limefunguliwa ndani ya flashi. Kuanzia hapo flashi ya nje ilipigwa marufuku, mwalimu mlezi akawa na flashi moja ya klabu, na majina ya mafaili yakafuata mtindo mmoja: namba ya jozi, kazi, toleo, mfano `07_embe_3`. Kabla ya hapo kulikuwa na mafaili mengi yenye jina lilelile ambalo Scratch hulipa kazi mpya.

Muhula wa kwanza walezi walikuwa wamefungulia watoto kadhaa akaunti za Scratch kwa barua pepe ya mwalimu na miaka ya kuzaliwa ya kubuni. Zilifutwa. Scratch ina akaunti ya mwalimu ambayo huzalisha akaunti za wanafunzi bila barua pepe zao, na Code.org ina utaratibu kama huo wa madarasa ambapo mtoto huingia kwa picha au maneno ya siri. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya mtoto mwenye sare ya shule pamoja na jina lake ni taarifa binafsi bila ubishi. Kwa klabu inayotumia programu ya kusakinisha, swali la akaunti halipo kabisa.

## Matokeo

Wanafunzi wawili walihama. Kati ya 30 waliobaki, 19 walilimaliza jaribio lilelile la paka, na wengine 6 walifikia kumfanya atembee na kugeuka bila kusema jina. Takwimu hii isisomwe kama ushindi wa Scratch dhidi ya Code.org. Watoto walipimwa kwenye zana waliyoizoea kwa muhula mzima, walikuwa wakubwa kwa miezi kadhaa, na walilijua swali.

Ushahidi wenye nguvu zaidi uko kwenye karatasi za utabiri. Mwanzoni majibu yalikuwa "embe litaanguka". Wiki za mwisho yalikuwa kama "litaanguka lakini alama hazitaongezeka kwa sababu sharti liko nje". Sababu imeingia kwenye sentensi.

Bando la wiki lilifutwa. Michango iliyobaki ilinunua betri tatu za CR2032 na ekstensheni nyingine.

## Uchambuzi

Kwa maoni yetu kilichobeba klabu ni karatasi ya utabiri. Kusakinisha Scratch bila mtandao kuliondoa vikwazo, lakini klabu nyingi zina Scratch na watoto bado wanabadilisha mavazi ya paka mwaka mzima. Kumlazimisha mtoto aandike anachotarajia kabla ya kubofya ndiko kulikovunja tabia ya kubahatisha iliyojengwa muhula wa kwanza. Gharama yake ni karatasi nusu kwa jozi.

Code.org haikustahili kutupwa yote. Mafumbo yake yangefaa sana kama kipindi cha kwanza na cha pili, kumzoesha mtoto kuburuta bloku na kuelewa mpangilio wa amri, kabla ya kuhamia kwenye kazi huru. Kosa lilikuwa kuyageuza kuwa kozi nzima na kusoma duara la kijani kama uelewa. Anayelazimika kuyatumia kwa hotspoti aingie kwanza kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya kila kompyuta na auweke mtandao huo kuwa wenye kikomo cha data. Windows itaahirisha masasisho mengi. Mpangilio huo hufuata jina la hotspoti, kwa hiyo ukibadilisha simu unaanza upya.

Utingo ulifanya kazi nusu. Jozi zilizochanganya mzoefu na mgeni kabisa hazikwenda vizuri: mzoefu akiwa utingo alitoa amri, mgeni akawa mkono wake tu. Jozi za watoto wanaolingana zilibishana zaidi na kujifunza zaidi.

Kilichoshindikana kabisa ni kazi kufika nyumbani. Watoto walitaka wazazi waone mchezo kwenye simu. TurboWarp ina zana ya kufungasha inayogeuza .sb3 kuwa faili moja la HTML linalofunguka kwenye kivinjari cha simu bila mtandao. Walezi walifungasha michezo 12, wakawatumia wazazi, na karibu yote haikuchezeka, kwa sababu kikapu kiliendeshwa kwa mishale ya kibodi na simu haina mishale. Marekebisho ni bloku moja: badala ya mishale, x ya kikapu ifuate x ya mausi, kwani simu huhesabu kidole kama mausi. Ingejulikana wiki ya kwanza, faili la kuanzia lingetengenezwa hivyo tangu awali. Iligunduliwa Jumamosi ya mwisho, na jozi tatu tu ndizo zilizowahi kurekebisha kabla shule haijafungwa.

Kwa darasa la VI waliokuwa mbele, mpango wa muhula unaofuata ni Blockly Games, mkusanyiko wa michezo ya bure ya kujifunza programu, ambayo pia hupakuliwa na kutumika bila mtandao, na ambayo mazoezi yake ya bwawa humtoa mtoto kwenye bloku na kumwingiza kwenye JavaScript, lugha ya programu ya kuandika kwa maneno. Kompyuta mbili za Linux zitatumika kwanza, kwa kuwa kivinjari kinatosha. Mwalimu wa pili hajapatikana bado, na kijana wa kujitolea amepata kazi mkoa mwingine. Bila mtu mzima wa pili, kundi la nje kwenye kivuli halina msimamizi, na ratiba ya nusu kwa nusu haiwezekani.